Panya, Kifua Kikuu na Haki ya Kuambukiza

Panya wa maabara hana asili ya kuugua kifua kikuu, huambukizwa makusudi. Huwekwa ndani ya chombo kilichofungwa, akavutishwa ukungu wenye bakteria, na mara nyingi ni bakteria 100 hivi tu wanaofika mapafuni. Humo huzaliana kwa wiki tatu au nne hadi wakaribie milioni moja, kisha wakakwama. Kinachowakwamisha ni kinga ya mwili. Mwanzoni makrofaji, yaani seli zinazomeza wavamizi, huwameza bila kuwaua, nao hujifanyia makao humo humo. Seli T, askari wengine wa kinga, huchelewa: hutayarishwa kwanza katika tezi za limfu, ndipo zifike mapafuni na kutoa intaferoni gama, kemikali inayozipa makrofaji nguvu ya kuua. Hata hivyo panya haponi. Huishi na maradhi kwa miezi, na kwa kawaida huuawa ili mapafu yake yapimwe.

Swali linalofuata si la biolojia tena. Mtu ana haki gani ya kumtia kiumbe mzima ugonjwa usio wake? Kitabu cha Mwanzo kinampa mwanadamu mamlaka juu ya wanyama, na wengi wameishia hapo. Lakini katika hadithi za Mtume Muhammad yumo mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula hadi akafa, na yumo mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Masimulizi yote mawili yanamhesabu mnyama kuwa kiumbe anayeweza kudhulumiwa. Kama panya naye anaweza kudhulumiwa, basi kila jaribio linadai sababu.

Sababu hiyo inaonekana wazi Digodigo, kwenye mashamba ya mifereji ya Wasonjo wilayani Ngorongoro. Mtoto anayechanjwa BCG dhidi ya kifua kikuu huko hubaki na kovu dogo mkononi. Chanjo hiyo ilitokana na bakteria wa ng'ombe waliodhoofishwa na Albert Calmette na Camille Guérin nchini Ufaransa kwa miaka 13, kuanzia 1908, na ilijaribiwa kwa wanyama kabla ya mtoto wa kwanza kupewa mwaka 1921. Kinyume chake kilionekana Samunge, si mbali na Digodigo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walifika kijijini hapo kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, dawa ambayo mwenyewe alisema ameoneshwa na Mungu. Imani ya wagonjwa wale haistahili dharau. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Ila pale aliyetangulia kuonja alikuwa mgonjwa mwenyewe. Seli zinazokuzwa kwenye vyombo hujibu baadhi ya maswali, lakini hazina mapafu wala damu inayozunguka. Anayekataa panya asitumike hana budi kusema ni mwili wa nani utakaotangulia.

Hoja hii ina nguvu kwa sharti moja: ugonjwa wa panya uwe unafundisha kweli juu ya ugonjwa wa mtu. Mara nyingine umefundisha kweli tupu. Mwaka 1993 ilioneshwa kwamba panya waliozaliwa bila jeni ya intaferoni gama hufa upesi kwa kifua kikuu. Miaka mitatu baadaye wakatambuliwa watoto wenye kasoro ya kurithi katika kipokezi cha kemikali hiyohiyo. Mikobakteria, yaani bakteria wa jamii ya kifua kikuu, wasiowadhuru watu wengine, hata wale wa BCG, waliwaletea maradhi mazito. Mara nyingine panya amepotosha. Chanjo ya kifua kikuu ya MVA85A ilitia matumaini ilipojaribiwa kwa wanyama, lakini jaribio la watoto wachanga 2,797 nchini Afrika Kusini, lililotangazwa 2013, halikuonesha kwamba inaongeza kinga juu ya ile ya BCG. Panya wa aina ya C57BL/6, wanaotumiwa sana, wanafanana kwa jeni kama mapacha, na mapafu yao hayapati vinundu vinavyooza katikati kama ya mgonjwa wa kifua kikuu. Aina ya C3HeB/FeJ huvipata.

Kwa hiyo kuchagua panya asiyefaa si kosa la kitaalamu peke yake. Ni dhuluma, kwa kuwa mnyama anateseka na hakuna kinachojulikana. William Russell na Rex Burch walipoandika mwaka 1959 kwamba mtafiti atafute mbadala wa mnyama, apunguze idadi na apunguze maumivu, walikuwa wakiunganisha maadili na ubora wa sayansi. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008.

Jambo moja panya hawezi kulitoa, nalo ni ridhaa. Binadamu huweza. Watu wazima waliojitolea Kenya, Zambia na Afrika Kusini ndio waliowezesha kujulikana, mwaka 2018, kwamba chanjo ya M72/AS01E ilipunguza ugonjwa kwa karibu nusu miongoni mwa walioambukizwa bila kuugua. Tangu 2024 inajaribiwa kwa kundi kubwa zaidi katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo.