Nyuma ya Nani?

Kwenye matanga ya nyanya yangu, mjomba mmoja aliniita kando ya hema akaniuliza siku hizi nashughulika na nini. Nikamwambia naandika. Akanyamaza kidogo, kama mtu anayesubiri nimalize sentensi. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Wenzako walishakuacha nyuma, mjomba."

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda. Kwa hivyo hakusema uongo, yaani, kama hesabu ni ya digrii na magari. Lakini lile neno lilikataa kunitoka. Nyuma ya nani? Mbio zilianza lini, na nani alipuliza filimbi?

Baadaye nilikumbuka kwamba hivyo ndivyo tulivyofundishwa historia ya ulimwengu tangu shule. Kuna enzi za kale, enzi za kati, halafu enzi ya kisasa, inayoanza karibu na mwaka 1500. Wazungu wanasafiri, wanavumbua, wanaunda mashine, na sisi tunaingia kitabuni baadaye tukihema, kama abiria aliyeikimbilia matatu ikiwa imeshaondoka. Basi nina swali. Je, watu wanaoishi siku moja wanaweza kuwa nyuma ya wenzao katika wakati? Na tukisema wanaweza, huwa tunajipa ruhusa ya kuwafanyia nini?

Tuanze Malindi, kwa sababu hiyo enzi ya kisasa ilipita pale. Aprili 1498, Vasco da Gama alifika akiwa hajui njia ya kuvuka hadi India. Malindi wakampa rubani anayeijua bahari, na chini ya mwezi mmoja akawa Calicut. Huko alitoa zawadi zake: nguo, kofia, mabeseni ya kunawia, sukari, asali. Watu wa mtawala wakacheka. Mfanyabiashara wa kawaida, walimwambia, huleta vya maana kuliko hivyo. Miaka 80 na ushee kabla ya hapo, mwaka 1415, Malindi ilikuwa imemfikisha twiga hadi kwa mfalme wa China. Sasa niambie, siku ile, nani alikuwa nyuma?

Wareno walikuwa na mizinga mizuri, hilo tukubali. Mwaka 1505 walirudi wakaipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Tofauti iliyokuwepo ilikuwa ya silaha, na nia ya kuzitumia. Lakini vitabu vilipokuja kuandikwa, tofauti ya silaha iligeuzwa kuwa tofauti ya wakati. Aliyechomewa nyumba akaambiwa ni mtu wa zamani. Miaka ya 1820, Hegel, mwanafalsafa wa Berlin ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, aliwafundisha wanafunzi wake kwamba Afrika si sehemu ya historia ya ulimwengu. Karne tatu za kununuliana na kuuziana na Wareno, Waholanzi na Waingereza, halafu eti hatukuwepo.

Kama huyu ni mwanafalsafa tu na maneno yake, ningeyaacha. Shida ni kwamba neno "nyuma" hufanya kazi. Hugeuza anayedai kuwa anayedaiwa. Angalia Haiti. Mwaka 1789 Wafaransa walitangaza kwamba binadamu wote huzaliwa huru na sawa. Mwaka 1791 watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililotajirika kwa sukari, waliinuka. Mwaka 1802 Napoleon akaamua kurudisha utumwa katika makoloni, na waliokuwa watumwa wakalishinda jeshi lake. Tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza nchi yao. Kama "kisasa" maana yake ni uhuru na usawa, basi watu wa kisasa kuliko wote mwaka ule walikuwa pale kisiwani, na wengi wao walizaliwa Afrika.

Wakalipwa nini? Mwaka 1825 manowari za Ufaransa zilitia nanga mbele ya Port-au-Prince na kudai faranga milioni 150, fidia ya mali waliyopoteza wenye mashamba. Mali hiyo ni pamoja na hao watu wenyewe. Kiasi kilipunguzwa baadaye, lakini Haiti ilikopa ili kulipa, ikakopa tena, na mikopo iliyotokana na deni hilo haikuisha hadi 1947. Uingereza nayo ilipofuta utumwa katika makoloni yake, ilitenga pauni milioni 20 kwa ajili ya wamiliki. Watumwa hawakupata hata senti. Leo Haiti ikitajwa kwenye habari, huitwa nchi iliyobaki nyuma. Bana, ni nani aliyeishika mguu?

Kazi ya pili ya neno hili ni kusema "bado". Mwaka 1919, baada ya vita vilivyoua wanajeshi zaidi ya milioni 8, washindi walikaa Paris wakaandika mkataba. Kifungu chake cha 22 kilisema kuna watu ambao bado hawawezi kusimama wenyewe katika hali ngumu za ulimwengu wa kisasa, na mataifa yaliyoendelea yatawalea. Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza kwa mantiki hiyo. Yaani waliotoka kuuana kwa gesi ya sumu na bunduki za rashasha ndio waliopewa ulezi.

Na hao walioambiwa hawawezi kusimama walikuwa wamebebeshwa vita hivyo mgongoni. Ukishuka Kariokor kula nyama choma, unasimama kwenye jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilichokuwa na kambi pale. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake vilevile. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe, wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa magonjwa na chakula kibaya. Vita vile vilikuwa vya kisasa kabisa, na miguu iliyovibeba ilikuwa yetu.

"Bado" haikuishia hapo. Mwaka 1948 Uingereza ilipiga kura kuunga mkono Tangazo la Haki za Binadamu kule Umoja wa Mataifa. Mwaka 1952 ikatangaza hali ya hatari hapa Kenya na kuanza kujaza watu kambini bila kesi. Ilichukua hadi 2013 kwa serikali yake kusema inasikitika, na kukubali kuwalipa wahasiriwa 5,228 pauni milioni 19.9. Wengi wa wenzao walishazikwa. Haki iliyosemwa ni ya kila binadamu ilikuja kwa awamu, na foleni ilipangwa na wale wale.

Najua mtu atasema: wacha hizo, mambo mengine ni bora kweli. Chanjo ni bora kuliko kaburi la mtoto. Nakubali kabisa, na ndiyo maana sitaki kuirudisha enzi ya kisasa kwa wenyewe, kwa sababu hao wenyewe ndio sisi pia. Chukua ndui. Mwaka 1721 ugonjwa huo uliingia Boston. Mhubiri Cotton Mather alikuwa ameshasikia njia ya kuuzuia kutoka kwa Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wake: unachukua usaha kidogo wa mgonjwa na kumchanjia mzima. Kwao ilifanyika hivyo. Daktari mmoja pale akaijaribu, na waliochanjwa wakafa wachache kuliko walioambukizwa kawaida. Mwaka 1796 Edward Jenner, Mwingereza, akapata njia salama zaidi kwa kutumia ndui ya ng'ombe. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali kule Merka, Somalia, mwaka 1977. Alipona, na miaka mingi baadaye akajitolea kwenye kampeni ya chanjo ya polio nchini mwake. Ukiondoa Onesimus au Maalin, hadithi hiyo inabaki na pengo.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Kitu kinaweza kuwa bora kuliko kitu. Sheria inaweza kuwa ya haki kuliko sheria. Lakini mtu hawezi kuwa wa zamani ilhali anapumua leo. Anaweza kuwa maskini, anaweza kuwa amenyimwa, na hayo yana sababu na wahusika. Tukisema "yuko nyuma," tunafuta sababu na wahusika, tunabakisha kalenda, na hakuna anayeweza kuishtaki kalenda.

Sasa sehemu inayoniuma. Neno hili hatukuliacha uwanja wa ndege na wakoloni walipoondoka. Waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika, ulisema pesa za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua, ambako zingezaa haraka. Kwa mhasibu ni sawa. Kwa mtu wa Marsabit au Mandera ilikuwa "bado" nyingine, na hii ilitoka Nairobi. Mpaka leo utasikia mtu wa kaskazini akipanda basi kuja huku, anasema anaenda Kenya. Na sisi watoto wa tao, tunaojua kukasirikia mkataba wa 1919 kwenye simu zetu, tukimwona mfugaji na ngamia wake tunasema watu hawa wako nyuma sana. Mimi mwenyewe nimelisema hilo, na nilicheka nikilisema.

Yule mfugaji anaishi mwaka huu huu. Ana M-Pesa, ana ukame ulioongezwa makali na moshi wa viwanda vya mbali, ana bei ya mbuzi inayopangwa na walaji wa miji ambayo hajawahi kuiona. Yumo ndani ya enzi hii kuliko mimi. Kinachokosekana kwake ni barabara, maji na hospitali, na vyote vina mtu wa kuulizwa.

Mjomba wangu sijamjibu. Ni mtu mzuri, na najua aliambiwa neno hilo hilo akiwa na umri wangu. Tukikutana tena nitamwambia kwamba chuo bado kinanidai, na deni hilo ninalikubali, nitalilipa pole pole. Lakini hili lingine la kuwa nyuma, sikumbuki ni lini nililikopa.