Akiba ya Simu ni Siri ya Nani?



Katika semina za ndoa, swali la pesa huja mwisho, watu wakiwa wamekwisha kushika mlango. Leo tuanze nalo.

Tangu M-Shwari ianze mwezi wa Novemba 2012, kwa ushirikiano wa Safaricom na benki ya CBA (ambayo tangu mwaka 2019 ni NCBA), mtu wa Matsangoni hahitaji tena nauli ya Kilifi au Malindi ili kuweka shilingi 50. Anaziweka akiwa chini ya mwembe wake. Anaweza hata kuifunga akiba kwa ajili ya lengo fulani mpaka muda aliouchagua uishe. Ni jambo jema. Yusufu kule Misri aliweka nafaka ya miaka saba ya neema kwa kuwa alijua njaa inakuja. Nasi tunajua kuwa Januari huja na karo, na kwamba makuti hayadumu.

Hebu tumchukue bwana mvuvi wa Uyombo na mkewe, mama karanga. Wanataka mabati. Wakiweka shilingi 50 kwa siku, siku sita kwa juma (Dominika wapumzike), ni 300 kwa juma, na kwa mwaka 15,600. Hazitaezeka nyumba yote, lakini kazi imeanza.

Tatizo liko hapa: akaunti hiyo hufunguliwa kwa kitambulisho na laini ya mtu mmoja. Haipokei majina mawili. Basi kile ambacho benki haikukiunganisha, ninyi kiunganisheni kwa maneno. Wako waume wasemao, "Mke akijua kuna pesa, shida hazitakwisha." Wako na wake wanaoficha kwa sababu bwana ameonja kamari ya simu. Huyu mama simlaumu haraka. Analinda karo ya watoto. Lakini wengi wetu hatuna sababu kama yake. Anania na Safira, katika Matendo ya Mitume sura ya 5, walipatana kuwaficha wengine; sisi tunafichana ndani ya chumba kimoja!

Na bwana akifa baharini? Kujua namba ya siri hakumpi mjane haki. Atatakiwa kuwa na cheti cha kifo na hati za mirathi. Asipojua kwamba akiba ipo, hataidai. Pesa isiyodaiwa kwa miaka hatimaye hupelekwa kwa mamlaka ya serikali ya mali zisizodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Watoto wanarudishwa nyumbani kutoka shuleni, na karo yao imelala Nairobi.

Jambo jingine, kwa ufupi. Ukiwa na deni la Fuliza, pesa inayoingia M-Pesa hulipa deni kwanza. Limalizeni hilo kabla ya kuzungumzia mabati.

Basi Jumamosi hii, watoto wakilala, kaeni wawili. Kila mmoja aseme anacho kiasi gani na anadaiwa kiasi gani. Bwana aanze, maana mara nyingi yeye ndiye mwenye siri nzito. Kisha andikeni katika daftari: lengo, kiasi, tarehe, benki, na laini ni ya nani. Namba ya siri msiiandike. Daftari likae pamoja na cheti cha ndoa na kadi za ubatizo za watoto.