Kabla Hujatia Sahihi

Mjukuu wangu, nasikia umeitwa Nairobi, kazi ya kufundisha mashine: unakaa siku kutwa ukiangalia picha na maandishi, unaiambia kompyuta hili baya, hili zuri. Nenda. Mtoto aliyesoma Kisangani simrudishi shambani Lubutu kwa nguvu. Ila kabla hujatia sahihi, uliza mwenye kazi ni nani.

Swali hilo sisi wa Maniema tunalijua. Kasiterite, madini ya bati, inatoka shimoni mgongoni mwa mtu, mnunuzi mdogo anamuuzia mkubwa, inavuka mpaka, mwisho inakuwa lehemu ndani ya simu. Ukimuuliza mwenye kiwanda cha simu habari za mchimbaji aliyefukiwa, atakuonyesha lebo iliyofungwa kwenye mfuko. Lebo ndiyo inayojibu kwa niaba yake.

Kazi yako imepangwa hivyo hivyo. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, alifika Nairobi mwaka 2019 kuchuja yanayopandishwa Facebook, zikiwemo video za watu kukatwa vichwa. Aliyemwajiri ni kampuni ya Sama, si Facebook. Alipowakusanya wenzake wadai haki zao, akafukuzwa mwaka huohuo. Mwaka 2022 akaeleza hadharani, kisha akashtaki. Meta, mwenye Facebook, ikajibu kwamba haina makao Kenya, basi mahakama za Kenya haziihusu. Februari 2023 mahakama ya kazi ikalikataa jibu hilo. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikalikataa tena. Hesabu mwenyewe: miaka mitano tangu afukuzwe, na bado watu walikuwa wanabishana kama kesi inaweza kusikilizwa.

Sama hiyohiyo ilichukua kazi ya OpenAI mwishoni mwa 2021. Wakenya wakasoma uchafu wa kila namna kwa chini ya dola 2 kwa saa ili ChatGPT iwe na adabu. Sifa za adabu hiyo hazikufika Nairobi.

Watakupa karatasi ya kutunza siri. Isome yote, hata wakikuharakisha. Siri ya biashara ni yao, lakini usingizi uliokupotea si siri ya kampuni yoyote. Daktari aliyewapima wachujaji wa Facebook waliofungua kesi Nairobi aliwakuta zaidi ya 140 wakiwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe.

Wala usidhani cheo kingekukinga. Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, aliongoza pamoja na mwenzake timu ya maadili ya akili mnemba pale Google. Desemba 2020, baada ya mvutano juu ya makala yake kuhusu hatari za mashine za lugha, akatoka. Yeye anasema alifukuzwa. Google ikasema amejiuzulu.

Wazee wenzangu watakushauri ufunge mdomo, ule mshahara, utume nyumbani. Mimi sisemi hivyo, ingawa najua wanaogopa nini. Gradi Koko na Navy Malela walikuwa wafanyakazi wa benki Kinshasa, Afriland. Walitoa nyaraka kuhusu fedha zilizodaiwa kumsaidia mfanyabiashara wa madini Dan Gertler kukwepa vikwazo vya Marekani, dai ambalo yeye alilikana. Septemba 2020 mahakama ya Kinshasa ikawahukumu kifo wakiwa hawapo. Walikuwa wameshakimbilia Ulaya, na hiyo ndiyo sababu hukumu hiyo haikuwafikia.

Kwa hiyo ukiona ubaya, usianze na simu ya mwandishi wa habari. Andika tarehe na yaliyotokea katika daftari lako, nyumbani, si kwenye kompyuta ya kazi. Usinakili faili la kampuni kabla mwanasheria hajakuambia utashtakiwa kwa lipi. Tafuta wenzako: tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi hii walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao, na mtu mmoja ni rahisi kufukuzwa kuliko chama. Kuna pia PPLAAF, shirika la kuwalinda wafichua maovu Afrika lililoanzishwa Dakar mwaka 2017, lililosimama na Koko na Malela. Namba yao uwe nayo wiki ya kwanza, ungali unapendwa kazini.