Mlima hauna dhambi

Kila mara mlima Nyiragongo unapotapika moto, swali moja huzunguka sokoni, njiani na hata mlangoni mwa kanisa: ni nani aliyekosa? Wengine husema: Mungu ametukasirikia. Wengine hutafuta mchawi. Tena wako wanaosema: mlima ni mlima tu, na sisi hatuna la kujibu. Tulipime swali hili polepole, kwa sababu jibu letu linaonyesha jinsi tunavyomheshimu Mungu na jinsi tunavyomtendea jirani.

Kwanza tutazame mambo yenyewe. Nyiragongo una urefu wa mita 3,470, na mji wa Goma umekaa miguuni pake. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wake ulipasuka, mawe yaliyoyeyuka yakateremka kama maji, na wengi hawakuwahi kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Uliunguza nyumba, maduka, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Mara zote tatu watu walikufa. Hata mlima ukinyamaza, hatari ipo: katika mabonde madogo hutoka mazuku, hewa mbaya isiyo na rangi, nzito kuliko hewa tunayovuta. Inalala chini. Mbuzi huingia akitafuta majani, naye harudi.

Je, tuseme basi kwamba mlima huu ni adui? Tungoje kwanza. Maharagi na viazi vya Rutshuru na Masisi vinatoka katika udongo gani? Ni udongo ambao volkano zimeulisha kwa majivu na mawe yao tangu zamani sana. Na ziwa Kivu lenyewe? Maelfu ya miaka iliyopita maji ya bonde hili yalikwenda kaskazini, upande wa ziwa Eduardi. Milima ya Virunga ilipoinuka iliziba njia. Maji yakapanda, yakageuka kusini, na leo yanashuka kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika. Mvuvi anayetupa wavu wake Kivu usiku anavua juu ya kazi ya moto.

Tutazame pia mawe meusi yakiisha kupoa. Miaka michache ikipita, kimea kidogo cha rangi ya kijivu, kisicho na mizizi wala maua, hushika juu ya jiwe kama ukoga. Hicho hulitafuna jiwe polepole. Vumbi na maji ya mvua hukaa katika nyufa. Majani madogo huota, kisha vichaka. Ndege na nyani hula matunda mahali pengine na kuacha mbegu pale. Mwishowe pana msitu, na msitu hushika maji ya mvua, nao hujenga udongo. Hakuna mtu aliyewaamuru wafanye kazi hiyo. Hata hivyo mkulima hupata shamba.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba Mungu, kwa wema wake, amewapa viumbe heshima ya kufanya kazi yao kweli. Mbegu yaota kweli, moto waunguza kweli. Moto unaopika chungu na kukataa kuunguza nyumba si moto tena. Mungu hachezi na vitu vyake kama mtoto na vikaragosi. Ameviumba, anavitegemeza, na kila kimoja chafuata asili yake.

Lakini hapa inatupasa kuwa na adabu. Mama aliyempoteza mtoto wake katika moto, tusimwendee na hesabu ya udongo mzuri. Faida ya shamba hailipi uhai wa mtu. Ayubu alipokaa majivuni, rafiki zake walifanya vema siku saba walipokaa naye kimya. Walikosa walipofungua kinywa kumweleza sababu. Sisi pia tulie na wanaolia. Hatujui kila shauri la Mungu, wala si lazima tujifanye kulijua.

Jambo moja Yezu mwenyewe ametufungulia. Alipotaja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikana kwamba hao walikuwa wabaya kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Kisha akawageuzia neno wasikilizaji wake: ninyi nanyi, mgeuke. Basi tusimhukumu aliyeunguliwa nyumba yake kana kwamba moto ulijua kuchagua. Dhambi yataka akili na hiari. Mlima hauna hiari. Mlima hauna dhambi. Mwenye hiari ni mtu, na sisi ndio watu.

Hapo ndipo swali letu linapogeuka. Anayejua shimo la mazuku na asiliwekee alama, huyo amekosa. Anayeingia katika nyumba zilizoachwa na wakimbizi ili aibe, huyo amekosa. Anayepandisha nauli mara tatu siku ya kukimbia, huyo auza uhai wa mwenziwe. Miezi kadhaa kabla ya Mei 2021 wataalamu wanaopima mlima walipungukiwa na fedha za kazi hiyo. Hilo si kosa la Nyiragongo. Na anayekata msitu wa mbuga ya Virunga ili achome makala, ajue kwamba anabomoa katika siku moja kazi ya miaka mia, ingawa twajua kwamba mara nyingi ni njaa iliyomshika mkono, na njaa hiyo nayo ina wenye kuulizwa.

Lakini hiari hiyohiyo yaweza mema. Mwaka 2002 maelfu ya watu wa Goma walivuka mpaka kwenda Gisenyi. Mwaka 2021 walikimbilia Sake, Minova, Bukavu na Rwanda. Jamaa nyingi zilifungua mlango kwa watu wasiowajua, wakagawana sahani moja ya ugali na sombe. Hao hawakueleza kwa nini mlima ulipasuka. Walijibu swali lililo lao.

Basi, wapendwa, mlima utakapowaka tena, maana utawaka, tusiulize ni nani aliyeuudhi. Tuulize: jirani yangu mzee, asiyeweza kukimbia, nani atamshika mkono? Swali hilo Bwana atatuuliza siku ya mwisho, nasi tunaweza kuanza kulijibu leo.