Chokaa ya Mpangaji

Hebu tujiulize swali ambalo washikaji wengi hulimaliza kwa kicheko: mtu kulipamba jiko ambalo si lake, ni busara au ni ujinga mtupu?

Nasema jiko la kupanga, lile la uani katika nyumba zetu za Kiswahili hapa Dar es Salaam: vyumba kushoto na kulia, ukumbi katikati, nyuma uani na choo na mahali pa kupikia. Langu ni hatua tatu kwa mbili. Kuta zilikuwa nyeusi kwa masizi, dirisha kama tundu la njiwa. Nimezipaka chokaa. Masanduku ya mbao ya nyanya, yale ya sokoni, nimeyapanga yakawa rafu. Sufuria zinaning'inia kwenye kamba, na kipande cha kanga kuukuu kimekuwa pazia, mbali na moto. Rafiki yangu alipoliona akatikisa kichwa: "Bwana wee, unamjengea mwenye nyumba. Nguo ya kuazima haisitiri matako."

Hoja yake si ya kubeza. Kodi tunalipa ya miezi sita kwa mkupuo, na ikiisha hujui kama utaambiwa "lipa nyingine" au "kuna mjomba wangu anakuja". Tena wapo wenye nyumba ambao wakiona ukuta unang'aa, wanapandisha kodi. Yaani unauziwa jasho lako mwenyewe! Kwa hesabu hiyo, kila shilingi unayoipaka ukutani ni maji yaliyomwagwa mchangani.

Lakini wahenga hao hao walisema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Angalieni jambo hapo. Jembe lile halilimi shamba la mgeni, linalima shamba la mwenyeji, na hakuna anayemcheka mgeni kwa kulima. Kwa kulima ndipo anapoacha kuwa mgeni. Basi mimi niliyepika hapa siku zaidi ya tatu, kwa nini niishi kama mtu aliyeketi kwenye mzigo wake stendi, akingoja basi?

Na huo umiliki wenyewe ni kitu gani? Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sisemi hapa kama ilikuwa haki au la; huo ni mjadala mwingine. Nasema tu kwamba mwenye nyumba anaweza kubadilika kwa kalamu, lakini jikoni mwa nyumba hiyo ugali utasongwa jioni ile ile na mtu yule yule. Hati ina mwenyewe. Maisha yanayopita ndani ya kuta nayo yana mwenyewe, na si lazima awe mtu mmoja.

Yuko aliyelielewa hili zamani. Mwaka 1926 msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wapangaji katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Upana wake haukufika mita mbili, urefu kama mita tatu na nusu. Akapima hatua za mpishi, akaweka kila kitu pale mkono unapofika. Makabati mengi yalipakwa rangi ya bluu, kwa kuwa iliaminika nzi hawaipendi. Majiko kama 10,000 yalijengwa. Hakusema, "Hawa ni wapangaji tu, watahama." Ernst May, aliyesimamia mradi ule, mwaka 1934 alihamia Afrika Mashariki, na baadaye akachora majengo huku kwetu, hadi Mombasa. Lakini sisi hatuna haja ya kumngoja msanifu. Tuna chokaa.

Sasa turudi kwenye lile la kupandishiwa kodi, maana ndilo linalouma. Je, niyaache masizi makusudi ili mwenye nyumba asifaidi? Nikifanya hivyo, nimempa mamlaka hata juu ya macho yangu. Kodi anaipokea tayari. Asichukue na rangi ya asubuhi yangu. Choyo chake ni dhambi yake, ila uchafu ningeuvuta mimi kwa pua yangu mwenyewe.

Hata hivyo kuna mpaka, na hapa naungana na rafiki yangu. Pambo lisigeuke kuwa kifuniko. Bati likivuja, ukuta ukipasuka, hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, na mpangaji ana haki ya kudai bila kunyenyekea. Kubandika kalenda juu ya ufa ni kujidanganya, na pia ni kumdanganya atakayekuja kupanga baada yako. Uzuri unaoficha ubovu ni uongo, hata kama umegharimu hela kidogo.

Huyo atakayekuja ndiye hasa anayenipa jibu. Chokaa ya pwani ni mawe ya matumbawe yaliyochomwa tanuruni, kisha yakazimwa kwa maji. Ukiichanganya na maji na chumvi kidogo ili ishike, ukaipaka, inavuta hewa polepole hadi inarudi kuwa jiwe. Haibanduki kama karatasi, huwezi kuikunja ukahama nayo. Mwanzoni hilo lilinikera. Sasa naona ndiyo maana yake. Kuna mtu nisiyemjua atakayewasha moto hapa, na taa moja itamtosha kwa sababu ukuta ni mweupe. Mimi nami ningefurahi kama aliyenitangulia angeniachia hivyo.

Vijana wengi tunaishi kwa kungoja. Tutapanga vitabu tukipata nyumba, tutaandika tukipata meza, tutakula vizuri tukiwa na jiko letu. Miaka haingoji. Ikipita katika chumba cha kupanga, imepita moja kwa moja. Hakuna mwenye nyumba atakayekurudishia kama amana.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii: masanduku, kamba na kanga ni mali, nitahama navyo. Chokaa ni sadaka, nitaiacha.