Mgombea, Mpendekezwa na Kura

Mtu ambaye jina lake limefikishwa mbele ya mkutano mkuu wa chama ili aingizwe katika bodi ana majina mawili katika Kiswahili, na majina hayo hayapatani. Akiitwa mgombea, neno litokalo katika kitenzi gomba, yaani kuteta, amekwisha kuchorwa kama mtu anayenyang'anyana kitu na wenzake. Akiitwa mpendekezwa, neno lenye mzizi wa penda, ni mtu ambaye wengine wamemwona na kumfanya apendeze machoni pa wapiga kura, pengine hata kabla hajaulizwa. Baina ya majina hayo limekaa swali la kale la maadili: je, kukitaka cheo ni dalili ya kukistahili, au ni sababu ya kunyimwa?

Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, yaani habari za maneno na matendo ya Mtume Muhammad, sahaba wake Abdurrahman bin Samura anaonywa naye asiombe uongozi, kwa kuwa aupataye kwa kuuomba huachiwa mzigo wake peke yake, ilhali aupataye bila kuomba husaidiwa kuubeba. Plato naye, katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, aliona kwamba watu wema hawavutwi na fedha wala heshima, ila hukubali kutawala kwa kuogopa adhabu ya kutawaliwa na walio duni kuliko wao. Hata hivyo sura ya 12 ya Kurani inamsimulia Nabii Yusuf akimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, na hoja anayoitoa ni kwamba yeye ni mlinzi mwema na mjuzi. Yusuf hakuteta na mtu, wala hakudai kwamba anapendwa (na mgeni aliyetoka gerezani angedai apendwe na nani?), bali alitaja kazi na akataja ujuzi unaoihitaji, na kwa njia hiyo akatoka nje ya majina yote mawili.

Ugumu wa jambo hili unaonekana vizuri katika vyama vya filamu. FEPACI, shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika ambalo wazo lake lilizaliwa Algiers mwaka 1969 na kuundwa kwake kukakamilika Tunisia mwaka 1970, huongozwa kwa uwakilishi wa kanda, na anayependekezwa na kanda ya Mashariki hutakiwa kuwasemea wenzake wa lugha na nchi nyingi, huku yeye mwenyewe akitafuta wafadhili, tuzo na nafasi katika tamasha zilezile wanazozitafuta wao. Huu ndio mgongano wa maslahi, yaani hali ya mtu kuamua jambo ambalo yeye mwenyewe ananufaika nalo, na haumaliziki kwa kumtafuta asiye na maslahi, kwa maana mtu huyo kwa kawaida hajui kwa nini filamu iliyokwisha kupigwa picha hukaa miaka bila kuhaririwa. Mkataba wa Algiers wa mwaka 1975, uliotaka sinema ya Afrika isipimwe kwa faida ya kibiashara pekee, ulimweka mtengeneza filamu katika utumishi wa jamii yake. Ni mkataba mwepesi kuutia sahihi. Kinachoweza kudaiwa kwa mpendekezwa ni kile alichokifanya Yusuf, pamoja na nyongeza moja ambayo Yusuf hakuihitaji, nayo ni kutaja waziwazi anachotarajia kukipata.

Hata baada ya hapo lipo lisilopimika, na Kiswahili kinalikumbuka. Neno kura limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni bahati nasibu, na katika sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume kupiga kura kuna maana hiyo ya zamani: mitume walitaka mtu wa kujaza nafasi iliyokuwa wazi kati yao, aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana, wakapata wawili, Yusufu Barsaba na Mathiya, wakaomba, kisha kura ikaamua. Kanisa la Kikopti la Misri lilifanya vivyo hivyo mwaka 2012, mtoto aliyefungwa kitambaa machoni alipochukua jina moja kati ya matatu, na Tawadros wa Pili akawa Papa. Sifa hupimwa na watu hadi mahali fulani, na walio sawa baada ya hapo hawana cha kugombania. Kitabu cha Matendo hakimtaji tena Barsaba aliyekosa nafasi, wala Mathiya aliyeipata.