Kiu Ni ya Nani?

Machi ikishaingia, katika nyumba nyingi za kaskazini mwa Ulaya utawakuta watu wameinamia vyungu vya maua vilivyopangwa dirishani, wakichomeka kidole udongoni kupima ukavu. Mimea iliyomo ni ile ya majani manene, mishubiri na jamaa zake, ambayo tangu Novemba imeonjeshwa maji kwa nadra sana. Sasa jua limerejea, na mwenye mimea anatamani kumimina kopo zima ili kufidia miezi ya kunyima. Ni huruma ya kweli, na ndiyo inayoua mingi.

Huko London, mchana wa mwishoni mwa Desemba haufiki urefu wa saa 8. Yapata Machi 20 ndipo unapolingana na usiku. Mimea mingi ya aina hii, ikikosa mwanga, husimamisha ukuaji, mizizi ikawa hainywi, na maji yakibaki udongoni katika baridi yanaiozesha. Hata kupumua kwake ni kwa hadhari: vitundu vya majani hufunguka usiku kuvuta hewa, vikafungwa mchana ili jua lisiibe unyevu. Kiumbe kilichojipanga hivyo hakihitaji kuharakishwa.

Ninaoustaajabia kuliko yote ni Lithops, mmea wa nchi kavu za Afrika Kusini na Namibia. Mwaka 1811, Mwingereza William Burchell aliokota huko alichodhani ni kokoto yenye umbo la ajabu. Kumbe ameshika mmea. Mwili wake ni jozi moja tu ya majani. Jozi mpya hujiunda ndani ya ile ya zamani, ikanywa unyevu wake taratibu, hadi jozi kuukuu inasinyaa na kubaki ganda jembamba kama karatasi. Anayeuona ukinyauka hivyo mwishoni mwa majira ya baridi hushikwa na imani, akaumwagilia. Majani ya zamani hufura upya yakakataa kuondoka, na machanga hubanwa humo humo, yakadumaa.

Hapo ndipo ninapoanza kujiuliza kopo lile lilikuwa la kukata kiu ya nani. Mmea ulikuwa na akiba yake. Aliyeshindwa kustahimili ni mtazamaji, aliyeona mikunjo akaihesabu kuwa mateso. Yupo pia mzazi anayemmalizia mwanawe kila kazi kwa sababu hawezi kuvumilia kumwona akihangaika. Anampenda, hilo halina shaka, lakini mtoto huyo atajifunza lini uzito wa mkono wake mwenyewe? Kumtazama umpendaye akipitia dhiki inayomjenga, ukiwa karibu na mikono yako umeituliza, ni kazi ngumu kuliko kutoa.

Hata hivyo, wasijitetee kwa hoja hii wale wanaojisifu kwamba mimea yao inaishi kwa kusahauliwa. Anayesubiri hupita kila siku, hugusa, hutazama kama kichipukizi kimeanza kung'aa katikati. Na wakati ukifika hana sababu ya kubana mkono: amwagilie hadi maji yatoke kwenye tundu la chini ya chungu, kisha auache udongo ukauke wote kabla ya kurudia. Mwenye Lithops na angoje zaidi, mpaka ganda lile likauke kabisa.